Makombe ya Skořepín

Bwana Řehoř, usipige simu chuo kikuu.
Hayo uliyofukua ukipanda mti wa plamu,
makombe yenye matundu, duara, duara, duara,
kama yaliyotobolewa na mdudu mwenye bikari,
si ushahidi kwamba bahari ilifika hapa.
Bahari ilifika, ndiyo, lakini kwa treni,
ndani ya magunia, kila Alhamisi,
ikanuka hadi mlango wa kanisa.

Mama yangu, Květa, hakuwahi kuiona.
Aliipumua.
Miaka thelathini na moja kwenye keekee,
vumbi la chaza likimwingia kifuani kama unga,
kila kombe vifungo sita, saba akiwa na bahati.
Nami husema alitumikia kifungo
ingawa hakuiba kitu,
ila kimoja tu, cha kijani. Nitakifikia.

Mshahara ulihesabiwa kwa grosi, mia na arobaini na nne,
na kilichopasuka hakikuhesabiwa.
Ndiyo maana watoto wa hapa hata leo
hujua kuzidisha kwa kumi na mbili
kabla hawajajua kufunga viatu.
Mimi nilikaa chini ya meza nikitenga:
matundu mawili huku, matundu manne kule.
Usicheke. Mtaa wa Juu walikuwa watu wa matundu mawili,
Mtaa wa Chini, mtoni, watu wa manne,
na Otakar wa Juu alipomposa Bohdana wa Chini
padri aliwashauri wavae nguo za kulabu.

Mengine hutayakuta kwenye kibao cha manispaa.
Mtakatifu Vavřinec, yule wa mbao, upande wa kushoto,
ana kifungo halisi kwenye joho, cha tatu kutoka juu,
na hadi leo hakuna aliyekiri kukishona.
Saa ya mnara hukawia dakika nne
kwa sababu king'ora cha kiwanda kilikawia dakika nne,
na mji uliona aibu kuwa na kweli mbili.
Mtu akifa hapa hatusemi amefariki.
Tunasema uzi umekatika.
Na jina la mji, unalodhani limetokana na makombe,
lilitangulia kiwanda kwa karne tatu;
lilikuwa la maganda ya jozi.
Wapo wanaoamini mji ulikaa ukingoja jina lake litimie.
Mimi nasema ni sadfa. Ila mjozi sijapanda.

Kisha ikaja plastiki.
Kiwanda kikafungwa, na watu wa vifungo wakafunguliwa,
wakasimama getini na vikapu vyao vya chakula
wasijue waelekee wapi.
Makombe yaliyobaki yalimwagwa popote penye tope:
uwanja wa shule, nyuma ya goli la kaskazini,
njia ya makaburini, ambayo mwezi ukiiangaza
wageni hudhani ni theluji, mwezi wa Julai.
Na bustani hii. Hii ilikuwa yetu.
Wakala hakukwambia? Hakuwa na haja.

Basi chimba tu, plamu hupenda chokaa.
Lakini ukikuta kimoja cha kijani, kijani cha koo la bata,
kombe lake liliingia gunia lisilo lake
na mama akaliona kabla ya msimamizi.
Kina matundu matatu.
Keekee iliteleza: ndiyo siku uchungu ulimshika,
uchungu wangu mimi.
Hakikuwa cha Juu wala cha Chini, hakingeuzika,
akakitia mdomoni, akatoka nacho,
akaja kukipoteza hapahapa akipalilia vitunguu,
akakitafuta hadi uzi wake ulipokatika.

Usikipeleke makumbusho.
Niko ng'ambo ya ua huu, nyumba yenye mlango wa samawati.
Gonga dirisha la jikoni,
lile lisilofungika vizuri.