Chupa ya Kumi na Tatu

Mwalimu Magembe alitupa neno moja la kwenda nalo nyumbani:
tasa.
Andikeni namba tasa zote, moja hadi hamsini.
Nikalibeba kutoka shuleni hadi Isevya
kama kaa la moto juu ya jani bichi,
maana kwetu neno lile lilikuwa na mwenyewe.
Mamamkwe alimwambia mlangoni, mara moja tu,
na shangazi Kalunde akarudi kwao na kapu na mwavuli.

Nilimkuta uani anachuja asali ya Sikonge,
kitambaa kimetuna, nta na mabawa yamebaki juu.
Nikazunguka. Nikanywa maji nisiyoyataka.
Mwisho nikauliza, macho kwenye daftari.

"Namba gani hiyo isiyozaa?"
Nikakariri: ni ile inayogawanyika kwa moja
na kwa yenyewe, basi.
"Kwa moja," akasema, "na kwa yenyewe."
Asali ikadondoka. Tone. Tone.
"Lete chupa."

Kumi na mbili: safu tatu, nne nne.
Akazivuruga: safu mbili, sita sita.
Hizi zina adabu ya katoni, alisema,
kisha akaongeza moja.

Mbili mbili, ikabaki moja.
Tatu tatu, ikabaki moja.
Nne nne, ileile, imesimama pembeni
kama mgeni asiyeambiwa karibu kiti.
Tano tano, zikabaki tatu. Sita sita, moja tena.
Ilikubali mstari mmoja tu,
toka kizingitini hadi kwenye mtungi,
chupa kumi na tatu bega kwa bega
kila moja na jua lake ndani.

"Hii imekosa katoni," nikasema.
"Katoni ndiyo imekosa."

Tukafuta: vigawe vya mbili, vya tatu,
vya tano, vya saba,
hadi daftari likawa kama kile kitambaa,
kilichopita kimepita
na vigumu vimebaki juu.

Usiku, kwa mkaa, nilichora sitini sakafuni.
Sita na kumi. Sita ikazaa mbili na tatu,
kumi ikazaa mbili na tano.
Nikafuta kwa kiganja, nikaanza njia nyingine:
nne na kumi na tano,
na mwisho wa matawi nikawakuta walewale,
mbili, mbili, tatu, tano,
wamekaa tu, wananingoja.
Shangazi, aliyeuza asali stesheni miaka kumi na tisa,
alicheka: ni reli hiyo.
Hapa Tabora inapasuka, Mwanza kule, Kigoma huku,
Kaliua inapasuka tena kwenda Mpanda,
halafu mahali fulani vyuma vinaisha
na kila mtu anashuka na mzigo wake.

Akaitazama ile michoro muda mrefu.
"Kumbe sitini imetoka kwa hawa."
Sikujua la kujibu. Nilikuwa darasa la tano.

"Na moja je, nayo tasa?"
Mwalimu amesema hapana, haihesabiwi.
"Kwa nini?"
Hakusema.
Akafikiri, huku akilamba kidole.
"Ukiizidisha na kitu, kitu kinabaki vilevile.
Nawajua watu wa namna hiyo. Nimeolewa na mmoja."

Sasa nafundisha Urambo.
Kila mwaka naliandika neno lile ubaoni
na kila mwaka yupo mtoto anayeinamisha kichwa,
nami sijui ana nani nyumbani,
kwa hiyo natoa chupa kabla ya kutoa maana.

Mwezi huu ametimiza sabini na moja.
Ndani ya basi nilijaribu kuigawa, mazoea tu:
kwa mbili, kwa tatu, kwa tano.
Kwa saba ikabaki moja, nikaacha,
maana saba ikishindwa hapo, hakuna haja ya kuendelea.
Miguuni nina kanga yake, doti nzima,
sijaikata.