Pa Kutokea

Bikombo, unakuja Ijumaa na miwani yako ya maji,
umeniuliza ni wapi Pemba pa kuogelea.
Nilicheka, halafu nikakaa kimya.
Miaka sita nimekitafuta hicho kipande cha bahari
kama mtu atafutaye nyumba ya kupanga:
hapa paa linavuja, pale majirani wabaya.

Nilianza Vumawimbi.
Mchanga mweupe kama unga wa muhogo, hapana kiumbe.
Nikavua viatu. Nikasikiliza.
Mahali pakishajitaja kwa jina, mwanangu, pasadiki.
Nikavaa viatu vyangu, nikarudi.

Kojani maji yalikuwa yametulia
kama kanga iliyopigwa pasi.
Nikarusha kumbi la nazi, nikaanza kuhesabu.
Sijafika ishirini, kumbi limeshaipita mashua ya tatu,
linakwenda zake, bila haraka, bila kelele.
Mkondo hauna povu. Mkondo haupigi hodi.
Tangu siku ile natoka nyumbani na kumbi mkobani,
katikati ya taulo na chupa ya chai,
na Wete nzima inajua shangazi yako kapungukiwa.

Tumbe? Boti za mashine, na macho,
macho mengi kuliko samaki.
Niliingia na suruali, dera na mtandio,
nikaelea kama godoro lililotupwa.

Tondooni nilipapenda.
Nilipapenda kwa siku moja.
Maji yamejaa, chini naviona vidole vyangu vyote kumi.
Nikafuata pwani, mapigo mia nne,
na nilipogeuka bahari ilikuwa imeondoka.
Bamvua; sikutazama mwezi.
Nusu saa nilitembea juu ya mwamba
wamejaa wale weusi wenye sindano,
mguu huu, mguu huu, naomba radhi kila hatua.
Raya muuguzi akanipaka utomvu wa papai bichi,
akatoa miiba kumi na saba kwa kibano cha nyusi,
kila mmoja akiuweka kwenye kisosi, ting.
"Pa kuingilia ulipaona," akasema.
"Pa kutokea je?"

Hapo nikamkumbuka baba yako.
Kwa kuingia hakuna aliyemshinda.
Aliruka gatini Mkoani na shati lake la kazini,
watu wakapiga makofi,
na makofi yakaendelea
kidogo kuliko ilivyopasa.
Wewe ulikuwa na miezi minane.

Basi sikiliza. Mahali pangu si pazuri.
Hapana mtu atakayepiga picha.
Ni hori dogo nyuma ya ghala kuukuu la karafuu,
mikoko kushoto, maji rangi ya chai ya rangi,
tope lina harufu ya yai lililosahauliwa.
Lakini pana ngazi za saruji, sita, zenye chuma cha kushika,
na ile ya mwisho inafika majini hata yakipwa.
Kumbi nimelirusha mara kumi na moja,
siku za maji mafu na siku za bamvua:
linazunguka kidogo, linarudi kama paka.

Na pana wanawake wanne.
Wamekaa ukingoni wanapiga makumbi waliyoyafukua topeni,
kila siku isipokuwa Ijumaa.
Nikizama, nasikia magongo yao ndani ya maji, du, du.
Nikichelewa kuinuka, yanasita.
Wananihesabu, Bikombo, na mimi niliyefundisha hesabu
miaka thelathini na moja
sikuwahi kuhesabiwa vile.

Utaniuliza kama wanajua kuogelea.
Hajui hata mmoja.
Maji yakiwafika magotini wanapiga kelele.

Kwa hiyo Ijumaa utapumzika, utakula, utalala.
Jumamosi tutakaa pale ngazini, maji yajae na yatoke,
na miwani yako itabaki mfukoni.
Utarusha kumbi mwenyewe.
Utanionesha kwa kidole pa kutokea.
Kisha utawaamkia wale wanne, mmoja mmoja, kwa jina,
na utazame kinachokua miguuni pao
kutokana na zile nyuzi, mchana kutwa:
kamba, mwanangu.
Ndefu.
Wanaisokota wenyewe.