Kufa kwa Bei ya Jumla

Nimekufa mara thelathini na nane,
ukiacha ile ya Igoma, ambayo kamera haikuwashwa.
Nimekufa kwa panga la boksi, kwa sumu ya soda ya machungwa,
kwa radi ya Kulwa akitikisa bati nyuma ya choo.
Mara moja nilikufa kwa mapenzi, na hiyo iliniuma,
maana Nshoma aliyeniua alikuwa anatafuna muhindi,
na mwongozaji akasema, "Mwacheni. Ndio uhalisia."

Mwongozaji alikuwa Tungaraza, fundi redio wa Mabatini.
Aliuza friji akanunua kamera.
Friji ikaondoka, baridi ikabaki kwa mkewe.
Bajeti aliitunza kwenye soksi:
siku ukimwona na kandambili, jua leo hakuna wali.

Mwaka wa magugu maji tuliunda joka la ziwani,
vyandarua sita, mipira minne ya baiskeli,
macho ya taa za pikipiki.
Kichwa alipewa Mugeta kwa kuwa ana diploma.
Mimi nikawa mkia.
Saa tatu nimeinama kwenye maji ya Bwiru
nikivuta harufu ya msomi,
na joka lilipoamriwa kugeuka kwa hasira
kichwa kilikwenda Ukerewe, mkia ukashika njia ya Musoma.
Watu mpaka leo huniuliza siri ya tukio lile.
Siri ni kwamba tulikuwa hatusemeshani. Nilikuwa namdai.

Halafu korongo wa Mwaloni, wale wenye koti jeusi na upara.
Nimelala maiti juu ya jiwe, damu yangu ni rozela,
akaja mmoja, akanitazama kama afisa mikopo,
akanidonoa paja.
Sikutikisika.
"Huyo ndiye mwigizaji!" Tungaraza akapiga kelele,
wala hakusema ni yupi kati yetu.

Na lile neno, basi, lililonipa jina mjini?
Halikuandikwa na mtu.
Majambazi wamenizingira, bunduki za mti wa mfenesi,
nami nikakumbuka shati ni la shemeji:
"Niueni taratibu, shati la kuazima!"
Kurudia hatukuweza, rozela ilikuwa imekwisha.
Sasa kwenye vibanda vya video Kirumba
vijana hulisema kabla sijafungua mdomo,
na muuza sangara akinipunja nikalalamika,
soko zima hunijibu kwa shati.

Shangazi Minza aliona jeneza langu
kwenye televisheni ya jirani, Sengerema.
Akapanda kivuko cha Kamanga analia,
mchele kichwani, rambirambi elfu kumi kwenye fundo la kanga.
Akanikuta nafua.
"Na yule aliyezikwa?"
"Ni mimi."
"Na wewe?"
"Ni mimi vilevile."
Akakaa kwenye ndoo, akawaza sana.
Elfu kumi akairudisha kwenye fundo.
Mchele akauacha: "Huu ni wa marehemu.
Usiuguse mpaka arobaini."

Mwaka juzi Tungaraza akafa,
mara moja tu, bila mazoezi.
Makaburini nilisimama karibu kuliko ndugu zake,
nikimsikilizia aseme, "Tena, na mwanga haukuwa mzuri."
Mugeta alikuwa upande wa pili. Tukasalimiana.
Nshoma hakutafuna kitu.
Tulikuwa watu wa kulia kwa kitunguu, sote,
na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuja nacho.

Baada ya matanga mkewe akaniita ndani.
Kanunua friji, imeng'aa kama jino la dhahabu.
Akanipa maji, akanipa soksi.
Mlikuwa na shilingi mia mbili, betri moja,
na kikaratasi kwa mwandiko wa fundi redio:
"Luhende. Kifo kimoja, Igoma.
Kosa langu. Bado hajalipwa."