Ziwa Liko Juu

Saa mbili na nusu, kabla mawe hayajapata moto,
natandika magunia sita niliyoyaomba kiwanda cha pamba,
nikayajaza pumba za mpunga, nikayashona midomo.
Hilo ndilo godoro letu, darasa la pili B,
shule ya mlimani, Igogo,
ambako kiwanja tambarare ni kimoja tu
na hicho nacho tunagawana na mbuzi wa mama Nkwimba.

Goti langu la kulia lilinigomea zamani, chuoni Butimba,
nikiruka kasha mbele ya mkufunzi.
Kwa hiyo sionyeshi. Nasema.
Na neno lisiloonyeshwa sharti liwe na mifupa:

Chuchumaa, kama unachambua dagaa.
Viganja chini, vidole viachane kama vya bata.
Kidevu kifuani, bana hapo limau, lisidondoke.
Nyanyua kiuno.
Kichwa leo hakina kazi, kinapita tu; mabega ndiyo yatakayogusa.
Mgongo uwe chungu, usiwe meza.
Jiachie.
Ukifika ng'ambo, simama, mikono juu,
halafu nyamaza kidogo.
Kimya hicho nacho ni sehemu ya zoezi.
Bila hicho, umeanguka tu.

Lubango anabingirika kama pipa lililoponyoka kwenye lori,
anaishia kwa mbuzi.
Misoji anatua vizuri, anasahau mikono,
anaikumbuka akiwa ameshakaa kwenye foleni,
anainyoosha huko huko.
Ng'washi kwanza anatoa mfukoni karanga, kifutio,
na konokono aliye hai,
anamkabidhi jirani kwa kiapo.

Kwandu anafika kwenye "nyanyua kiuno", anaganda.
Kichwa katikati ya miguu, sketi imefungwa fundo,
macho nyuma, kule mteremko unakoishia.

"Kwandu, wenzako wanangoja."
"Mwalimu, ziwa liko juu."
"Jiachie, mama."
"Na likimwagika?"

Darasa zima likacheka, mimi sikucheka.
Nina majibu ya shingo, ya kiganja kilichoteguka,
ya mtoto aliyekunywa uji mwingi asubuhi.
La ziwa sikuwa nalo.
Nikadhani ni woga. Nikaweka mkono mmoja kisogoni,
mwingine nyuma ya paja, kama tulivyofundwa:
usisukume, subiri.
Nikasubiri wiki tatu.
Kila mara alisimama taratibu, akajipangusa magoti,
akarudi nyuma ya foleni kama mtu aliyeokoa mji.

Ijumaa, watoto wakishateremka,
nikashika mlingoti wa bendera, nikainama.
Goti likalia. Nikatazama kati ya miguu yangu mwenyewe,
mimi, mwenye miaka hamsini na mbili na deni la SACCOS.
Lo.
Mabati ya Igogo yananing'inia kama nguo kwenye kamba.
Mawe yetu, yale yanayokaa juu ya mawe mengine
bila kumwambia mtu sababu,
yameshikilia kwa kucha.
Kivuko kinatambaa darini kama mjusi.
Na juu ya vyote, ziwa, zito, linang'aa,
na hakuna chochote, nawaambia, hakuna chochote kilicholizuia.

Jumatatu nikamwambia,
"Litazame kwanza. Hesabu hadi tatu. Nimelichunguza, limeshikwa."
"Na nani?"
"Hilo ni la darasa la saba."
Moja. Mbili. Akavuta pumzi kwenye tatu,
kidevu kikaingia, chungu kikazunguka,
akaibukia ng'ambo ana pumba nyweleni, mikono juu.
Kimya hakukitoa. Aligeuka palepale kukagua.
"Limerudi," akasema.

Sasa foleni yote inasimama hapo, inahesabu hadi tatu.
Kwenye andalio la somo nimelichomeka kwa herufi ndogo,
kati ya kiuno na kujiachia: tazama ziwa.
Mwalimu mkuu ataniuliza limo kwenye muhtasari upi.

Tathmini: somo limeeleweka. Lubango ahesabiwe nusu.
Zana: magunia matano.
La sita, mbuzi.