Goti la Limi

Daktari alisema: tembea, usilidekeze.
Basi Jumapili ya pili ya Desemba
tukaliamsha goti la dada yangu,
tukalishusha darajani saa moja na nusu asubuhi,
tukalionyesha njia ya mto Nyashishi
iteremkayo hadi ziwani.
Yeye alilifunga bandeji ya buluu.
Mimi nilibeba matobolwa, karanga, chupa ya chai
na mwavuli, ambao hakutaka hata kuusikia.

Kwetu majina hayazunguki.
Alizaliwa jua likiwa utosini, wakamwita Limi.
Mimi nililowa kabla sijalia, nikawa Mabula.
Tangu utotoni kila nguo isiyokauka kambani
ni kosa langu,
na kila mche wa pamba ulionyauka
ni wake.

Njia ni nyembamba, ya watu na mbuzi.
Kushoto majaruba ya mpunga,
kulia mto, rangi ya chai
ya mwenye nyumba mchoyo wa maziwa.
Mwanzoni asubuhi ilikuwa ya Limi:
majabali yamepandiana migongoni
kama watoto wanaochungulia harusi,
pimbi juu yake wakituhesabu, wakikosea, wakianza upya.
Mjusi kafiri akapiga pushapu zake, kichwa chekundu, shingo juu.
Limi akaliambia goti: Umeona? Kunja. Kunjua.

Kisha upepo ukageuka.
Upepo wa ziwa haupigi hodi.
Matete yakalala yote upande mmoja,
fundichuma akaacha kazi yake topeni,
na wingu likapanda kutoka Ghuba,
zito, limeshika tumbo kwa mikono miwili.
"Mabula," akasema dada, "mwambie mwenzio arudi."

Hakurudi.
Alianza kwa tone moja, moja,
kama mdeni anayelipa kwa sarafu,
halafu akaumwaga mfuko mzima.
Mwavuli ulifunguka, ukapinduka, ukawa bakuli.
Tukajibanza chini ya jabali lililoegemea jingine,
sisi wawili na mbuzi asiye wetu,
tukala matobolwa,
mbuzi akala maganda ya karanga, na kona ya mfuko.

Hapo ndipo alipofungua bandeji.
Kovu lilikuwa fupi, mishono saba,
ngazi ya kupandia kuku.
Kwa ule ukimya wake wa miezi minne
nilitegemea kitu kirefu zaidi.
"Kilichoniuma si goti," akaanza,
na mvua ikaongeza sauti juu ya jabali.
Midomo yake niliiona. Maneno sikuyapata.
Sikumwomba arudie.
Nilimmiminia chai.

Ilipokatika, jua likatoka bila aibu,
njia nzima ikafuka mvuke,
lakini mawe ya kuvukia hayakuwepo.
Mto ulikuwa mwingine, mwekundu, mwenye safari:
matawi, povu, kandambili moja ya mtoto.
Ng'ambo, kijana mwenye jembe begani akatupigia kelele:
"Ngojeni! Maji haya ni wapita njia,
wenyeji watabaki!"

Tukangoja. Saa nzima, labda zaidi.
Jiwe la kwanza likatoa kichwa,
la pili, la tatu likasita.
Nikanyoosha mkono.
Limi akautazama kama alivyoutazama mwavuli,
akakunja gauni, akaingia.

Maji yalimfika pale pale, kwenye mshono wa juu.
Akasimama katikati ya mto.
Nikaona goti likitetemeka,
nikaona likikataa,
likikubali.
Na papo hapo, jua likiwa kali vile vile,
mvua ikaanza tena, nyembamba, inang'aa,
ile ambayo bibi angesema: simba anazaa.

"Haya!" akapaza sauti, bila kugeuka,
"na hii, Mabula, kosa la nani?"

Mbele yake, kupita mafunjo,
kipande cha ziwa kilionekana,
chembamba, kama bati lililoanguliwa paani.
Nilivua raba.
Kijana wa jembe alikuwa bado anatusubiri,
na mbuzi, sijui kwa nini, alikuwa ameshatangulia.