Nyuki Chini ya Injini

"Imechemsha tena," anasema Nyamizi,
na anavyolitamka neno hilo
sijui analisema gari au ananisema mimi.

Nimechemsha kweli. Jumatatu nilibadilisha mfuniko wa rejeta,
Jumatano mkanda wa feni,
leo Ijumaa karudi Ng'ambo kwa mwendo wa jeneza,
boneti imefungwa kwa kamba ya katani,
nyuma ndoo kumi na nne za asali ya Ipole
na dumu la maji, tupu, likigongagonga.

"Mshale unalala vizuri mpaka Tutuo.
Nikipita Tutuo, unaamka."

Nasubiri. Mkono huu una kovu
la mfuniko uliofunguliwa kwa haraka.
Injini ya moto ni kama baba mkwe:
unangoja apoe ndipo useme shida yako.

Walionitangulia wameacha alama zao.
Mmoja aling'oa themostati, akaitupa,
eti Tabora jua linatosha, ya nini.
Mwingine alipasulia yai ndani ya rejeta kuziba tundu;
nimeutoa utando wake kwa waya,
wa kahawia, unanuka kama deni la zamani.
Na maji ya kisima, mwaka baada ya mwaka,
yamejenga ukoko kwenye mirija
kama sufuria ya msibani.

Navuta kijiti cha oili. Hapa ndipo ninapoogopa.
Oili ikigeuka maziwa, gasketi ya hedi imekwisha,
na hedi ikiwa imepinda, hiyo ni bei ya mizinga mia.
Wengine huiombea nchi maziwa na asali.
Mimi leo naomba asali peke yake.

Nyeusi.
Nyeusi kama mtaa umeme ukikatika.
Napiga resi: rejeta haitoi povu,
ekzosi haitoi moshi mweupe.
Basi maji yanakwenda wapi?
Chini pakavu. Hozi zote nimezibonyeza taratibu,
kama nesi wa Kitete anayetafuta mshipa wa mtoto.

Nikaanza kuikohoa ile sentensi yetu mafundi,
"Mama, itabidi tushushe injini,"
sentensi iliyosomesha watoto wengi mjini hapa.

Hakunisikia. Alikuwa amechuchumaa
mbele ya bampa, kichwa upande.
"Hawa wanakunywa nini?"

Nyuki. Sita, saba,
wakitambaa chini ya wota pampu.
"Asubuhi nyumbani huwa wengi kuliko hawa.
Nilidhani wanafuata ndoo."

Nikalala chali juu ya kadibodi, tochi ya simu mdomoni.
Kuna kitundu pale, chembamba,
waliounda pampu walikiacha makusudi
ili siku ikichoka iweze kulia.
Ilikuwa inalia.
Ikipata moto wa Tutuo inalia zaidi,
na chozi linakaukia kwenye chuma
kabla halijafika chini likaonekana,
linabaki vumbi la kijani, basi.

Kulanti ni tamu, husemwa. Sijawahi kuionja.
Wanne walioionja walikuwa kwenye ukingo wa chasisi,
miguu juu, wepesi kama makapi ya mtama.
Nyamizi aliwaokota mmoja mmoja,
akawatazama kama mtu anayesoma barua,
akawafunga kwenye pindo la kitenge.

Pampu itakuja kesho na basi la Mwanza.
Kwenye risiti, mbele ya neno "uchunguzi",
ambapo huandika elfu ishirini bila kuona haya,
nilipiga mstari mtupu.

Alikuwa ameshafika barabarani, akarudi.
"Hayo maji ya kijani utayamwaga wapi?"

Miaka kumi na moja nayamwaga mtaroni.
"Chimba shimo," alisema. "Refu. Ufukie."

Nikaenda kwa jirani kuazima jembe.