Yatokanayo

Saa kumi na moja kasorobo. Muyeye haijakohoa bado.
Mwadhini amenitangulia, kama kila siku,
na mimi, Mkristo wa kizazi cha tatu, huamka kwa sauti yake.
Najifunga leso, nateleka chai,
nakaa kwenye kiti cha plastiki chenye jina la kanisa mgongoni
(nilikiazima kwenye msiba wa Baba Kitsao, sijakirudisha).

Bwana, ni mimi, karani wa baraza.
Nimezoea utaratibu, nivumilie.
Waliohudhuria: mimi.
Walioomba udhuru: mume wangu, yuko zamu ya usiku, chumvini Gongoni.
Wasiohudhuria bila taarifa: usingizi, tangu Jumanne.
Akidi: Wewe ndiye uliyeishusha hadi wawili, watatu.
Sijui leo unahesabu vipi.

Kikao cha jana kilianza kwa sala, kama katiba inavyotaka.
Tulibishana saa nzima juu ya mabati,
geji ishirini na nane au thelathini,
ya rangi au ya kawaida, upepo wa bahari utayala yapi kwanza.
Ndipo Dada Nyevu, muuza mahamri, ambaye huwa hasemi,
akauliza zile elfu kumi na nane za pampu ya kisima ziko wapi.
Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei.

Feni ikazunguka.
Mweka hazina akafunga kitabu, kidole chake kikabaki ndani.
Kasisi akatazama saa.
Mwenyekiti akasema, hayo tumwachie Mungu,
kisha, bila kunitazama: Karani, hilo usiliandike.

Nikanyanyua kalamu.
Ni jambo jepesi, kalamu kunyanyuliwa. Haitoi mlio.
Nyevu aliniona.

Somo la leo nimelisoma mara mbili, halijaingia.
Zaburi ya asubuhi ulimi umeitamka peke yake,
kama mtoto aliyekimbilia dukani na kusahau alichotumwa.
Kila nikifika penye msamaha
nauona ule mstari mtupu, chini ya ajenda ya nne,
mweupe kama jino.

Ningekuwa safi, Bwana, ningekasirika vizuri.
Lakini mwaka juzi, Mbeyu aliporudishwa nyumbani kwa karo,
mfuko wa akina mama ulikuwa chini ya kitanda changu.
Nilichukua elfu mbili. Nilizirudisha Pasaka, zote.
Hakuna aliyehesabu. Hilo nalo halikuandikwa.
Mara nyingine nadhani ndiyo maana walinichagua:
mwenye kitu chini ya kitanda
ana mwandiko mzuri wa kunyamaza.

Bibi yangu, Kadzo wa Kakuyuni, alibatizwa akiwa mtu mzima.
Hakujua kusoma. Sala yake ilikuwa kumtajia Mungu madeni,
lake na la jirani, kwa majina na kwa vibaba,
huku akipukuchua mahindi.
Mungu si mgeni, alikuwa akisema,
usimfagilie uwanja tu, mwache aingie na jikoni.

Chai imefurika nikikuambia haya.
Jiko limezima upande mmoja, nyumba yanuka maziwa ya kuungua.
Nje, kijana wa mkate anapiga kengele ya baiskeli;
sitoki, atarudi.
Nimefungua daftari. Wino ni ule ule wa bluu.
Mkono ndio umebadilika.

Ajenda ya nne, yatokanayo.
Dada Nyevu Charo aliuliza kuhusu elfu kumi na nane.
Hakujibiwa.
Karani naye ana la kusema kuhusu elfu mbili.

Mwenyekiti aweza kulikata Jumapili. Ana kalamu nyekundu,
na wajumbe wengi wanamdai fadhila, au anawadai, sijui.
Kiti nitakirudisha leo.
Kikao hiki, Bwana, kilifunguliwa saa kumi na moja kasorobo.
Sala ya kufunga
sijaifikia.